Pipa la Uchumba

Jumatatu, 9 Julai 1984

Baridi kali. Ukungu umelala juu ya kahawa mpaka saa nne, mti unaouchuma huuoni vizuri. Lakini moyoni mwangu jua limewaka! Mambo yangu yameanza kunyooka.

Kwanza, pipa. Mzee Qamara wa kijiji cha Qurus, baba wa Germana wangu, alitamka wazi juma lililopita: kama namtaka binti, nipeleke chombo cha pombe, na Jumapili hii ukoo mzima utakuja kunywa na kunitazama sura. Si mtungi. Pipa! Alijua anachokifanya mzee yule. Mapipa hayapo Karatu, hayapo Mbulu, na huko Arusha wanayatafuta kama wanavyotafuta sukari. Alitaka nishindwe ili Nikolaus apite.

Nikolaus ni dereva wa trekta hapa shambani. Mwiraqw wa Mbulu kama wao, lugha yao moja, na kila akipata nafasi anampelekea mama yake Germana kuni kwa trekta ya shamba. Mimi Bartolomeo ni mtu wa kuja, Mnyaturu kutoka Singida, mchuma kahawa, sina hata toroli. Lakini Mungu hakunyimi vyote. Mimi nina akili.

Nyuma ya stoo ya zamani, ile aliyoiacha setla, mzungu mwenye shamba wa zamani, na kufuli lake lenye kutu, kuna kibanda chenye mapipa yaliyosimama tangu kabla sijafika hapa. Hakuna anayeyagusa. Jana watu wakiwa kanisani nikatoa moja. La bluu, zima kabisa, na mfuniko wake! Lilikuwa limechorwa fuvu la kichwa na mifupa miwili. Mjanja setla yule, alichora hivyo kutishia wezi. Nikalikwangua fuvu kwa mchanga, nikaliosha pipa kwa jivu na maji ya moto, nikanusa. Harufu kidogo ya kitunguu saumu. Si mbaya, pombe itapata ladha.

Alfajiri ya leo nimelivingirisha mpaka Qurus. Mama Lusia, mama yake Germana, alipiga vigelegele majirani wakatoka. Mzee Qamara aliligonga kwa fimbo, akasikiliza mlio wake, akanyamaza. Mzee yule akinyamaza ujue umeshinda.

Pili, mafunzo. Wakati wa kuitwa majina, mnyapara Kornelio alitangaza kwamba kesho anakuja mkufunzi kutoka Arusha. Stoo ya zamani itaondolewa yote. Dawa za wadudu zilizomo zimeoza, zinachuruzika kuelekea kijito. Wanatakiwa watu wa kufundishwa namna ya kuzishika. Kila mtu alitazama vidole vyake vya miguu. Kornelio akaongeza kuwa kila atakayejiandikisha atapewa ovaroli, gambuti, glavu, na mche wa sabuni.

Sabuni! Dukani haijaonekana tangu sijui lini, tunafulia majani ya mpapai. Mikono ilipaa kama kanisani siku ya shukrani. Wangu ulitangulia. Wa Nikolaus ukafuata, nao ulikuwa mrefu zaidi, basi Kornelio akamwandika yeye kwanza. Uonevu mtupu.

Kuhusu hizo dawa sina wasiwasi. Zimeoza. Kitu kilichooza kina nguvu gani tena?

Gambuti nimeomba za namba kumi na moja. Mguu wangu ni wa saba. Lakini kubwa ndiyo mali zaidi.

Jumanne, 10 Julai

Mkufunzi amefika. Nilitegemea bwana mwenye tumbo na kalamu mfukoni. Akashuka kwenye Landrova mwanamke mfupi, kitenge kichwani, uso mtulivu. Jina lake Bi Petronila. Nikolaus alinong'ona kwamba huyu tutamaliza naye mapema. Nilikubaliana naye, Mungu anisamehe. Tulikosea wote wawili.

Hakuanza na hotuba. Alivaa ovaroli nyeupe ya plastiki mbele yetu, akafunga kila kifungo. Akavaa gambuti, suruali ikapita juu ya gambuti, si ndani, ili dawa ikimwagika isiingie mguuni. Akavaa glavu, miwani ya kukinga macho, na kile kifuniko cha pua na mdomo. Kisha akaingia stoo peke yake, akatuacha nje na ukungu wetu. Akatoka na kopo moja linalovuja, amelibeba mbali na mwili wake kama mtu anayembeba mtoto wa mfalme. Akaliweka ndani ya pipa la mchanga. Halafu akaanza kuvua. Jamani! Kuvua kwenyewe ni elimu. Kwanza alinawa glavu zikiwa bado mkononi. Kisha gambuti. Glavu za mwisho, naye anazivua kwa kuzigeuza, upande mchafu ukabaki ndani. Alipomaliza alikuwa safi kama anayekwenda kupokea komunyo. Watu tulisahau kukohoa.

Kisha akatupaka masizi ya chungu kwenye glavu, akasema tujifanye hiyo ndiyo sumu, tuvae, tufanye kazi kidogo, tuvue kama alivyofanya yeye. Nikafikiri ni mchezo wa watoto. Nilipomaliza watu wakaanza kucheka. Masizi yalikuwa puani, masikioni, na mdomoni kabisa, maana nilikuwa nimejifuta jasho na kutoa punje ya karanga mfukoni. Bi Petronila hakucheka. Alinipa kioo chake kidogo nijitazame, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kama yangekuwa yenyewe, saa hizi wangekuwa wananibeba. Nikolaus alikuwa na doa moja tu, shingoni. Alilionyesha kwa kila mtu kana kwamba ni nishani.

Mpaka hapo nilikuwa nafurahi. Kisha akagonga pipa mojawapo lililotolewa kibandani, la bluu, na akasema maneno ambayo bado yananipigia kengele kichwani.

Alisema pipa lililobeba sumu usiliamini kamwe. Lioshe kwa maji ya moto, lioshe kwa jivu, sugua na mchanga mpaka uchoke. Dawa imejificha kwenye maungio na kwenye kutu, na siku utakayotia maji ya kunywa, au maziwa, au pombe, itatoka. Pombe hasa. Akasema dawa kali zaidi humo stoo ina harufu kama ya kitunguu saumu.

Nilihisi gambuti zinanimeza.

Kuna mtu akamuuliza kwa nini amechagua kazi ya hatari namna hii. Alijibu wazi bila kupamba. Baba yake alikuwa mpulizia dawa kwenye shamba la mkonge huko Tanga. Siku moja alileta nyumbani debe zuri la kuchotea maji. Yeye Petronila alikuwa shule ya bweni, ndiyo maana amebaki kusimulia. Akachukua kitambaa akafuta miwani. Sijawahi kumheshimu mtu kwa kasi ile.

Jumatano, 11 Julai

Sikulala vizuri. Niliota ukoo mzima wa mzee Qamara umelala kwenye nyasi, na mzee amesimama katikati ananigonga kwa fimbo kusikiliza mlio wangu.

Jioni nimekwenda Qurus mbio. Mpango: kulirudisha pipa bila kusema kwa nini. Maana nikisema nimewaletea sumu, posa imekufa. Nikisema nimelitoa stoo, kazi imekufa. Nikinyamaza, watakufa wao. Nimezungukwa pande zote!

Nimekuta mama Lusia amekwisha mimina unga wa mtama na maji. Pipa limefunikwa kwa gunia safi, limewekwa kwenye kibanda chake kama mgeni wa heshima. Majirani wanakuja kulitazama. Mama mmoja alitaka kujua kama nina kaka.

Nikasema pipa linavuja. Mzee Qamara akainama, akapitisha kiganja chini, akanionyesha kiganja. Kikavu.

Nikasema meneja wa shamba analitaka siku moja tu, akalipime. Mzee akauliza meneja amejuaje kama kuna pipa. Nikasema sijui. Akauliza wewe umelitoa wapi. Nikasema kwa binamu yangu wa Endulen. Akasema hakujua kama Wanyaturu wana mabinamu Endulen, kwa Wamasai. Njia ya mwongo fupi, na yangu ilikuwa imeishia pale pale.

Mwishoni nikasema basi, naomba tu mnirudishie. Mama Lusia akaweka kata chini. Mzee Qamara akanieleza taratibu, kama anayemweleza mtoto, kwamba katika ukoo wake mchumba anayedai arudishiwe alichokileta amemkataa binti mbele ya watu, na binti huyo anatafutiwa mwingine kabla wiki haijaisha. Akauliza tena: unalitaka pipa lako?

Germana alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama. Macho yake yale! Nikasema hapana mzee, nilikuwa natania.

Mzee akasema neno kwa Kiiraqw. Nilimwomba Germana anitafsirie. Alikataa.

Alhamisi, 12 Julai

Bi Petronila hafundishi kwa kupiga kelele. Anafundisha kwa kuona. Leo tulipofika kibandani, akasimama, akatazama sakafu. Chini ya kila pipa kuna alama ya duara la kutu. Na kuna duara moja lisilo na pipa.

Akauliza pipa la hapa liko wapi. Kornelio mnyapara akasema hajui. Nikolaus hajui. Mimi nilikuwa nakaza kamba ya gambuti, na gambuti hazina kamba.

Akasema hatafuti mwizi. Mwizi si kazi yake. Anatafuta pipa, kabla hajalitafuta daktari. Aliyelichukua aje hata porini, hata gizani, amwambie neno moja tu, naye hatamtaja. Sauti yake ilikuwa imejaa huruma mpaka miguu yangu ilianza kunyanyuka yenyewe. Nilikuwa nusu nimesimama! Kisha nikaona Nikolaus ananitazama huku akitabasamu. Nikasema labda limechukuliwa na fisi.

Kicheko kilitoka mpaka kule kwenye miti ya kahawa. Nikolaus akataka kujua fisi huyo alilivingirisha kwa mkono gani. Bi Petronila hakucheka. Ameniangalia tu, muda mrefu.

Mchana alitufundisha jinsi ya kumsaidia mtu aliyepatwa na sumu ile. Atatoka jasho hata kwenye baridi. Mate yatamjaa. Mboni za macho zitakuwa ndogo kama kichwa cha sindano. Usimpe maziwa, usimpe mafuta, usibabaishwe na mganga. Mvue nguo, mwoshe kwa maji na sabuni, mkimbize hospitali, na jina la dawa umpelekee daktari. Nilinyoosha mkono, nikauliza kama mtu ametengeneza pombe ndani ya pipa la namna hiyo, je, ikichemka vizuri sumu haiishi? Akasema haiishi. Baadaye nikauliza tena, na kama pombe ni ya mtama? Haiishi. Na kama wanywaji ni watu wazima wenye afya, Wairaqw, wakulima? Akasema ndugu Bartolomeo, haiishi.

Mwisho wa siku alituonyesha namna ya kuharibu pipa ili asilitumie mtu tena. Mtaimbo juu, nyundo, na pipa linatobolewa matundu chini na ubavuni. Aligonga mwenyewe. Mara moja tu kila tundu! Mkono mdogo vile.

Hapo ndipo mpango mzuri ulinijia. Sitalirudisha pipa. Sitasema kitu. Nitakwenda kulitoboa. Pombe itamwagika, pipa litakuwa limekufa, watu watakuwa hai, na mimi nitashangaa pamoja nao. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Ijumaa, 13 Julai

Mungu wangu.

Baada ya kazi, ukungu ulishuka mapema. Nikasema hapa hapa. Nikavaa kila kitu alivyotufundisha Bi Petronila, kwa utaratibu wake: ovaroli, gambuti, miwani, kifuniko cha pua na mdomo, glavu. Nilitaka kumtendea haki mwalimu. Nikachukua mtaimbo, nikaingia Qurus kwa njia ya nyuma.

Nyumbani kulikuwa kimya. Nikadhani wote wako shambani. Nikaingia kibandani. Pombe ilikuwa inachacha taratibu, inanong'ona. Nikatoboa pigo la kwanza. Chuma kikalia nchi nzima ikasikia! Nikatoboa la pili, pombe ikaanza kutoka. Nageuka kutoka, na mama Lusia amesimama mlangoni na mzigo wa majani ya ng'ombe.

Jaribu kunifikiria. Mtu mweupe wa plastiki asiye na mdomo, macho ya kioo, mtaimbo mkononi, anatoka kwenye ukungu.

Mama Lusia akaachia mzigo, akapiga kelele moja tu: mumiani!

Basi. Neno hilo likisemwa Qurus, hata vilema wanakimbia. Mumiani ameingia, mumiani anayenyonya damu za watu! Milango ikafunguka kila upande. Fimbo, majembe, mbwa. Nikakimbia. Ndani ya gambuti namba kumi na moja mguu wa saba haukimbii, unaogelea. Nilipita shamba la maharage, nikaacha gambuti moja kwenye matope, nikaendelea kwa mguu mmoja wenye kiatu na mmoja wenye soksi. Na aliyekuwa mbele ya wote, karibu kunishika, ni nani? Nikolaus, ameshika spana! Alikuwa ameleta kuni.

Nikatokea barabarani, na mbele yangu taa za Landrova. Ikasimama. Akashuka Bi Petronila. Hakushtuka. Alinitazama, akauliza: Bartolomeo, umelitoboa?

Alikuwa anakuja Qurus kwa ajili yangu. Maswali yangu ya jana ndiyo yaliyomleta, hasa lile la Wairaqw wenye afya, na shamba zima linajua ninakoposa. Mwanamke wa ajabu! Watu wakafika wakipumua, akanyoosha mkono mmoja tu na umati ukasimama. Akanivua miwani na kifuniko kwa mkono wenye glavu. Mama Lusia akaniona. Mzee Qamara akaniona. Nikolaus akacheka mpaka akakaa chini.

Bi Petronila akawaambia waziwazi, bila kunipaka matope na bila kunipamba. Pipa lile lilikuwa la sumu. Kijana huyu amekuja kulitoboa ili msife, na amekimbia na fimbo zenu nyuma yake. Kisha akauliza: nani amekunywa?

Hakuna, wakasema. Pombe haijaiva. Mama Lusia aliapa kwamba haruhusu mtu kuonja.

Akauliza mara ya pili. Na safari hii hakuwatazama wote, alimtazama mzee Qamara. Nami nikamtazama. Baridi ile, na kipaji cha uso cha mzee kinametameta jasho. Anatema mate, anatema tena. Nikakumbuka kila neno la jana.

Mzee akasema ni mbio tu, amefukuza mumiani na umri wake. Bi Petronila akamsogelea, akamwita baba, akamshika mkono, akamwomba aseme kweli. Mzee akamtazama mkewe, akainamisha kichwa. Kibuyu kidogo, akasema. Asubuhi, mama alipokwenda kuteka maji. Na mchana tena kidogo.

Mama Lusia alilia. Mimi nililia kumshinda.

Lakini Bi Petronila! Hakupoteza hata pumzi moja. Mzee arudishwe nyumbani, avuliwe shati. Maji, sabuni. Mimi nikatoa mche wangu wa sabuni ambao nilikuwa nao mfukoni, mpya, haujatumika, na sikuhuzunika hata kidogo, au kidogo tu. Nikolaus ambebe. Akambeba mzee kama gunia la manyoya, akakimbia naye mpaka Landrova, na kwa hilo namheshimu, ingawa sitamwambia. Bi Petronila akaingia kibandani na glavu, akasoma maandishi ya chuma kwenye kitako cha pipa, akayaandika ampelekee daktari. Kisha akauliza bila kugeuka: pipa hili liliwahi kuoshwa kwa kitu gani?

Nikajibu haraka, maana roho ya mzee ilikuwa mbele: kwa jivu na maji ya moto, mama!

Kila mtu akageuka: habari ya binamu wa Endulen iliishia hapo.

Muda wa kunihoji haukuwepo. Landrova ikaondoka kuelekea hospitali ya misheni, na Germana ndani amempakata baba yake. Nilisimama barabarani na gambuti moja. Naandika na bado sijui kama mzee yu hai.

Jumamosi, 14 Julai

Yu hai! Yu hai! Nimepiga magoti kwenye matope.

Wamerudi saa tisa alasiri. Daktari alimchoma dawa, akamlaza, akamwangalia mpaka asubuhi. Alisema kama angekunywa kibuyu kikubwa, na kama wasingempelekea jina la dawa, wangekuwa wanachimba kaburi. Mzee Qamara ameshuka kwenye Landrova amedhoofika lakini anajisifu kwamba amepanda gari kiti cha mbele. Amewaambia majirani jinsi barabara inavyoonekana kutoka kule juu.

Kisha akaniita. Nilikwenda nikiwa nimevaa shati la kanisani, nikitegemea fimbo. Alinitazama sana. Akasema: umeniletea kifo nyumbani mwangu, kisha umekimbia na fimbo zetu mgongoni ili kukitoa. Sijui nikupige au nikupe binti. Akasema atafikiri. Ila kama atanipa, ukoo wake utaletewa pombe ya asali tupu, na iwe kwenye mtungi wa udongo, na mtungi auchague mama Lusia mwenyewe.

Bi Petronila alikuwa pale. Alitusimamia tukafukia pombe yote kwenye shimo mbali na kijito, sote tumevaa glavu. Hakunitangaza kwa meneja. Aliniambia peke yangu, nyuma ya Landrova, kwamba baba yake hakupata mtu wa kukimbia na mtaimbo. Alinishika bega. Nilitaka kusema neno zuri la shukrani, nikasema tu ndiyo mama. Mkono ule mdogo nitaukumbuka mpaka nizikwe.

Germana alinisindikiza mpaka kwenye njia panda. Hakucheka, ila macho yalikuwa yanacheka. Alisema nikimletea tena kitu cha kuokotwa, ataolewa na trekta.

Jumatatu, 16 Julai

Siku ya mwisho ya kazi. Mkufunzi amemchagua kiongozi wa usalama wa shamba. Nikolaus! Bila shaka kwa ajili ya lile doa moja tu shingoni. Nilitaka kununa, lakini Bi Petronila akanigeukia mimi, akasema kazi ya kutoboa mapipa yote anamkabidhi Bartolomeo, kwa sababu hatakuwa na haja ya kukumbushwa. Watu walipiga makofi. Kornelio mnyapara alipiga makofi! Nilihisi nimekuwa mrefu.

Nimetoboa kutwa nzima. Pipa kwa pipa, debe kwa debe, mtaimbo juu, nyundo. Mara ya kwanza maishani mwangu nimefanya kazi kama inavyotakiwa mwanzo mpaka mwisho. Vyote vimeingia shimoni, vikasubiri udongo wa kesho. Nikolaus alikagua tundu kwa tundu.

Jumatano, 18 Julai

Bi Petronila ameondoka leo asubuhi. Landrova ilipotea kwenye ukungu na sisi bado tunapunga mkono. Hata Nikolaus alijifanya ana vumbi jichoni, na hakukuwa na vumbi, kulikuwa na matope. Ameahidi kurudi baada ya mavuno, kukagua.

Mtu kama yule ameniokoa, ameokoa mkwe wangu, ameokoa ndoa yangu. Nitamrudishia nini? Sabuni imekwisha kwa mzee Qamara. Ovaroli imechanika mahali pa aibu. Na mzee mwenyewe anataka asali, na asali hapa ni adimu, mwenye mizinga hauzi, anakunywa.

Nimefikiri tangu Jumapili. Akili, kama nilivyosema, ninayo.

Mzinga ni nini? Ni chombo chenye mfuniko na tundu la nyuki kuingilia. Basi jana kabla hawajafukia shimo, nilishuka kutoa debe moja dogo. La bluu, na mfuniko wake. Na nilivaa glavu zote mbili, naliandika hapa ili ionekane kwamba mafunzo hayakupotea bure. Tundu tayari lipo, nilitoboa mimi mwenyewe, zuri, la duara. Bi Petronila alisema usitie maji, usitie maziwa, usitie pombe. Kuhusu nyuki hakusema lolote.

Nimelitundika kwenye mti juu kule ukingoni mwa msitu, mahali ambapo Nikolaus hafiki na trekta. Mavuno ya kwanza nitayagawa sawasawa: nusu ya mzee Qamara kwa ajili ya pombe, nusu ya Bi Petronila siku atakayorudi, na chupa nitaifunga kwa utepe.

Nimelinusa. Harufu ya kitunguu saumu imebaki kidogo sana, maana kabla ya kulitundika nimeliosha kwa jivu.